Mtoto ana ADHD, na mzazi je?

Wazazi wengi wanaofika kituoni kwetu hapa Malindi wametumwa na mwalimu. Mtoto hatulii darasani, daftari zinapotea, anajibu kabla swali halijaisha. Tunaanza kuuliza habari za mtoto, na haichukui muda baba au mama anasema, "Lakini hata mimi nilikuwa hivyo hivyo." Tukiuliza siku hizi yukoje, mambo yanatoka moja moja: maji yamekatwa na pesa za bili zilikuwepo kwenye simu, kazi tatu zimeanzwa hakuna iliyokwisha, hasira inapanda ghafla kisha anajuta.

ADHD ni hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia, nayo hurithiwa sana. Tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa urithi kuwa kati ya asilimia 70 na 80, karibu sawa na urefu wa mwili. Mtaani watu humwambia mama "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", naye anarudi nyumbani akiamini kosa ni lake. Si lake. Malezi hayaleti ADHD, ila yanabadilisha sana namna mtoto anavyoishi nayo.

Na hapo ndipo penye ugumu. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka sita, tiba inayopendekezwa kwanza ni mafunzo kwa mzazi: toa agizo moja kwa wakati, fupi, sifu papo hapo, mtoto akivunja sharti, hatua iwe ile ile leo na kesho. Mafunzo hayo yanadai kukumbuka, kusubiri na kutokasirika upesi. Mzazi mwenye ADHD isiyotibiwa anatakiwa kufanya yale yale yanayomshinda, na utafiti unaonyesha kwamba wazazi wa aina hii hufaidika kidogo na mafunzo hayo. Kisha anaitwa mzembe! Sisi tunaona si haki, ndiyo maana tunawahudumia wote wawili.

Kwa mtu mzima, dalili lazima ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Kule kukimbiakimbia kwa utotoni mara nyingi kumegeuka kuwa kutotulia kwa ndani, mtu hawezi kukaa kikaoni bila kuchezesha mguu. Kina mama ndio waliosahaulika zaidi, kwa kuwa msichana aliyekaa nyuma ya darasa kimya, mawazo yako mbali, hakumsumbua mwalimu. Tunachunguza pia usingizi, sonona na tezi ya shingo, maana hizo nazo huvuruga umakini.

Mpango wa nyumbani tunauandika mfupi, ubandikwe mlangoni. Familia nyingi za hapa tayari zina ratiba ambayo haisahauliki: adhana. Basi tunafunga kazi kwenye adhana, si kwenye saa. Baada ya Alasiri, kazi ya shule. Baada ya Isha, begi na sare vinawekwa karibu na mlango. Wasiofuata adhana hutumia kengele ya simu, mradi simu isiwe kwenye kimya. Tunaanza na jambo moja tu. Likishika, ndipo tunaongeza la pili.

Dawa haziandikwi na sisi. Huandikwa na daktari wa akili baada ya kupima presha, mapigo ya moyo na uzito, na kuuliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo. Methylphenidate ndiyo inayotumika sana, nayo hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo mtoto apate mahamri na mbaazi zake kabla ya kumeza, na chakula cha usiku kisikosekane. Panga mapema nani atatunza dawa na kuzitoa. Kama mzazi mwenyewe husahau, kazi hiyo apewe mtu mzima mwingine nyumbani, asiachiwe mtoto. Mzazi anayekula miraa au muguka amwambie daktari bila kuona haya, kwa sababu cathinone, kemikali iliyomo kwenye majani hayo, nayo huamsha mwili, na ikikutana na dawa hizi mapigo ya moyo na presha vinaweza kupanda kupita kiasi. Mzazi anayetumia dawa na atakayefunga Ramadhani tuzungumze kabla mwezi haujaandama, asije akaacha au kubadilisha saa za dawa peke yake.

Miadi yetu tunaikumbusha kwa ujumbe siku moja kabla na tena asubuhi ya siku yenyewe. Ukichelewa, njoo tu. Siku ya kwanza leta ripoti za shule za mtoto, na zako za zamani kama zipo. Bibi akiweza kuja, mlete: yeye ndiye anayekumbuka ulivyokuwa ukiwa na miaka minane.