Barua kwa Asukile: PTO inayokata na kurudi

Dakawa, Morogoro

Ndugu yangu Asukile,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Habari za trekta nimezipata: asubuhi PTO (shafti ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine) inazungusha rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka, vizuri, ikikaribia saa tano inakata, ukipumzika kidogo inarudi, na fundi ameshakwambia klachi imekwisha. Usitoe hela bado. Klachi iliyolika huteleza, na kila siku huteleza zaidi. Inayokata ghafla kisha ikarudi na nguvu zake zote, mimi naanza kushuku umeme, halafu mafuta.

Hakikisha kwanza kinachosimama ni shafti ya trekta yenyewe. Rotaveta ina klachi yake ya usalama mwisho wa kadani (shafti inayoiunganisha na trekta), na springi zake zikilegea huteleza kwenye tope zito. Ikikata tena, zima injini, toa ufunguo, ngoja kila kitu kisimame, kisha dondoshea maji juu ya nyumba ya hiyo klachi. Yakichemka, umempata mwizi, na trekta haina kosa.

Kama sivyo, fanya hivi. PTO yako ni ya kubonyeza, kwa hiyo kuna solenoidi, yaani vali ya umeme yenye koili ya waya, inayofungua mafuta yaende kwenye klachi. Chukua balbu ya volti 12, wati 5, na waya mbili ndefu. Mmoja uunge kwenye waya unaopeleka moto (umeme) kwenye koili ya solenoidi, ukiwa na fyuzi ndogo ya amp 3 njiani. Wa pili upeleke hasi ya betri. Pitisha mbali na kadani na ekzosi, balbu uifunge kwa tepu karibu na usukani. Halafu lima kama kawaida, ukiitazama. Balbu ni bora kuliko taa ya LED, kwa sababu LED hunywa umeme kidogo mno na huweza kuwaka hata kwenye kiungo kilichooza. Balbu itafifia, na kufifia huko ndiyo habari yenyewe. (Trekta zenye kompyuta inayoongoza solenoidi usizifanyie hivi, tumia mita ya umeme. Yako ina rilei ya kawaida, swichi inayowashwa kwa umeme.)

PTO ikikata na balbu ikazima au kufifia, tatizo liko kabla ya solenoidi. Mimi ningeanza na swichi ya kiti. Waya zake hupinda kila kiti kinapopanda na kushuka, zinakatikia ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Zichezeshe kwa mkono huku mita ikiwa imeunganishwa. Unaweza kuiunga dairekti kwa dakika chache za kupima, huku rotaveta imetolewa na hakuna mtu karibu, lakini usiiache hivyo. Swichi ile ipo ili ukianguka kutoka kitini, visu visiendelee kuzunguka. Baada ya hapo badilishana rilei ya PTO na ya honi kama namba zake zinafanana. Kosa likihamia kwenye honi, kazi imeisha. Angalia pia panya. Trekta inayolala karibu na magunia ya mpunga lazima itafunwe waya.

Balbu ikiendelea kuwaka wakati PTO imekata, moto unafika. Pima ethi, njia ya umeme kurudi hasi ya betri: mita kati ya mguu wa hasi wa koili na hasi ya betri, PTO ikiwa imewashwa. Ikizidi volti 0.2, safisha pale waya unapofungwa kwenye bodi mpaka chuma king'ae, maana matope ya jaruba huingiza kutu chini ya bolti. Ethi ikiwa nzuri, sogeza bisibisi karibu na koili wakati imekata. Isipovutwa, koili imekufa. Chomoa plagi, pima ohm koili ikiwa ya moto, kisha tena ikipoa. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 90, ukinzani huongezeka kama robo, kwa hiyo ohm 8 kuwa 10 si ajabu. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa kwenye joto, na ikipoa njia inarudi, uzi umekatika ndani na hufunguka ukitanuka. Hiyo inalingana sana na saa tano yako.

Bisibisi ikivutwa na bado PTO imesimama, ndipo tuje kwenye mafuta. Pima kimo trekta ikiwa tambarare, injini imezimwa, mikono ya haidroliki imeshushwa. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga yote, badilisha na filta. Weka UTTO (mafuta maalumu ya trekta, ya gia na haidroliki), usiweke oili ya injini, kwa kuwa klachi ile inaogelea humo. Kisha funga geji kwenye tundu la kupimia presha, usome baridi na moto, ulinganishe na kitabu cha trekta. Presha ikishuka kwenye moto tu, shuku pampu au sili za klachi. Hapo tu ndipo fundi wako apewe spana.

Na unapowasha PTO, shusha injini hadi kama mizunguko 1,000 kwa dakika kwanza, ndipo uipandishe taratibu. Wengi huibonyeza resi ikiwa juu.

Niandikie balbu ilifanyaje.

Wako,
Selemani