Mgonjwa wa ubongo asiachwe akitazama dari

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu, fundi seremala, alianguka na bodaboda, akaumia ubongo. Alilazwa wiki 7. Mtaalamu wa fiziotherapia alimsimamisha, akamfundisha tena kupanda ngazi, nasi tukadhani amepona. Kisha mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemfundisha mgonjwa tena shughuli za kila siku, akamwekea birika, majani, sukari na kikombe: "Nipikie chai." Yule fundi seremala hodari alitia sukari kikombeni, akamimina maji ya baridi, akabaki amekishika kijiko asijue kinachofuata. Nilitoka nje nikalia. Mara ya sita, tulikunywa chai yake.

Kinachoniuma ni kwamba zoezi hilo alilipata nusu saa, mara 2 tu kwa wiki. Siku nyingine alilala tu. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia! Naiomba Wizara ya Afya iajiri wataalamu zaidi wa tiba kazi na wa usemi. Hospitali nazo zitufundishe sisi tunaouguza: kumwacha afunge vifungo mwenyewe hata akichelewa, ahesabu chenji, na kumpumzisha mapema, maana ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi.

Dada anayeuguza,
Morogoro