Gemu ikitoa visanduku, msikimbilie kuifuta

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia ulimjibu msomaji aliyelalamika kwamba gemu yake inaonyesha visanduku vitupu mahali palipotakiwa kuwa na maneno. Jibu lilikuwa fupi: aifute, aisakinishe upya, na asipofaulu atafute kadi ya picha yenye nguvu zaidi. Naomba nafasi ya kulipinga jibu hilo, tena kwa kirefu, maana jambo hili linanigusa kuliko linavyowagusa wachezaji wengi. Mimi ni kiziwi tangu utotoni. Maandishi yakiharibika, mwenye kusikia anaendelea na safari yake: mhusika akisema ufunguo uko chini ya ngazi, anasikia na kwenda kuuchukua. Mimi nabaki nimesimama mbele ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo kasoro za maandishi nimezichunguza kama wengine wanavyochunguza silaha na ramani, na kwa niliyoyaona, kadi ya picha ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Kadi ya picha haijui kusoma. Kwake herufi ni kipande cha picha sawa na jani au ukuta, huchora inacholetewa. Ikiwa miti, nyuso na maji vinaonekana vizuri na maneno pekee ndiyo yamevurugika, mara nyingi kosa limetokea kabla kazi haijaifikia kadi. Na kasoro hizi hazifanani. Ukizitazama kwa makini, namna maandishi yalivyoharibika inakuonyesha yameharibikia wapi.

Nianze na visanduku vya msomaji wenu. Kisanduku kitupu maana yake ni kwamba programu inaijua herufi inayotakiwa, inayo hata namba yake, ila fonti iliyopewa haina umbo la herufi hiyo. Yaani maneno yapo salama. Kinachokosekana ni michoro yake. Hapo kuna njia mbili za kufuata, na inategemea gemu inatoa wapi fonti zake. Nyingine huazima fonti za kompyuta. Kwenye Windows 10 na 11 baadhi ya fonti za Kijapani, Kichina, Kikorea na lugha nyingine hazisakinishwi tangu mwanzo, bali huongezwa kutoka kwenye orodha ya vipengele vya hiari ndani ya mipangilio. Ukiziongeza na kuifungua gemu upya, huenda visanduku vikaisha. Nyingine hubeba fonti yao wenyewe ndani ya folda ya gemu, na hizo hata uijaze kompyuta fonti za dunia nzima hazitazitazama. Hutokea sana kwa tafsiri zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe: mtu anapakua faili la maneno, anasahau kwamba limekuja pamoja na faili la fonti, analiweka moja na kuliacha la pili. Kuisakinisha gemu upya hakumsaidii, kwa sababu gemu itarudi na fonti ileile iliyokuwa na pengo lilelile. Atakuwa amepakua gigabaiti nyingi bure, na asipokuwa mwangalifu hata hatua alizohifadhi zitakwenda na maji.

Kasoro ya pili watu huichanganya na hiyo ya kwanza, ilhali ni kinyume chake. Hapa herufi zinaonekana, tena safi kabisa, ila si zenyewe. Unafungua gemu ya Kirusi na badala ya neno la salamu unaona Ïðèâåò. Unafungua gemu ya zamani ya Kijapani na sentensi nzima imejaa alama ‚ na ƒ, zikijirudia kila baada ya herufi moja. Fonti haina kosa lolote. Kilichokosewa ni jedwali la kusomea.

Nieleze kidogo, kwa sababu mwandishi wenu hakuligusa hili kabisa. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, na lazima pawepo na jedwali linalosema namba fulani ni herufi gani. Jedwali la ASCII la mwaka 1963 lilikuwa na nafasi 128 tu, zikatosha Kiingereza. Kiswahili nacho kinaenea humo bila shida. Lugha zenye herufi nyingine zikajitengenezea majedwali yao: Windows ikayapa namba, 1252 kwa Ulaya Magharibi, 1251 kwa herufi za Kirusi, 932 kwa Kijapani. Unicode, jedwali moja la lugha zote, ilianza kuchapishwa mwaka 1991, na mwaka uliofuata wataalamu wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, namna ya kuiandika ambayo leo imeenea karibu kila mahali. Lakini gemu nyingi za miaka ya tisini, na hata za baadaye, ziliandikwa kwa majedwali ya zamani, na ndani ya faili zake hakuna palipotajwa ni jedwali lipi. Windows inakisia kwa kutazama mipangilio ya mwenye kompyuta. Katika jedwali la Kijapani, herufi zote za hiragana, aina mojawapo ya herufi za Kijapani, huanza na baiti (namba ndogo moja ya kompyuta) ileile, na katika jedwali la 1252 baiti hiyo ni ile alama ‚. Herufi za katakana, aina nyingine, nazo huanza na baiti ambayo kwa 1252 ni ƒ. Ndiyo maana nasema kasoro hizi zinasomeka. Mimi sijui Kijapani, lakini nikiziona alama hizo mbili zimetapakaa najua gemu imetoka wapi na dawa yake ni nini.

Dawa haiko kwenye gemu. Ndani ya mipangilio ya eneo ya Windows, kwenye kichupo cha utawala, kuna mahali pa kuchagua lugha ya programu zisizotumia Unicode. Hii si lugha ya menyu za Windows, na wengi hukwama hapo: wanabadilisha lugha ya menyu, kompyuta nzima inageuka kuwa ya Kijapani, na gemu haibadiliki hata nukta. Chagua Kijapani mahali hapo, washa kompyuta upya, na maandishi yatakaa sawa. Tatizo ni kwamba umebadilisha kwa programu zote za zamani, si kwa gemu moja, kwa hiyo mimi napendelea programu ndogo iitwayo Locale Emulator, inayoidanganya gemu moja tu na kuziacha nyingine zilivyo. Kitu kingine: kama gemu imekuja ndani ya faili lililobanwa, badilisha mpangilio kabla ya kulifungua. Majina ya faili nayo ni maandishi. Yakiharibika wakati wa kufungua, gemu itatafuta faili zake isizione, na hata ukirekebisha mpangilio baadaye majina hayajirudishi.

Papo hapo kwenye kichupo hicho kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachoitaka Windows itumie UTF-8 kwa kila kitu, na bado kimeandikwa kuwa ni cha majaribio. Kinavutia. Nakumbuka furaha ya kukiona mara ya kwanza. Lakini kwa gemu za zamani mara nyingi ni sumu, kwa sababu hazikuandikwa kwa UTF-8 na sasa zinasomwa kana kwamba ni UTF-8. Kama gemu kadhaa zimeanza kuharibika kwa pamoja na hujui kwa nini, angalia kama kuna mtu ameweka tiki hapo.

Nimesema Kiswahili kinaenea kwenye ASCII, lakini kuna mahali kinapokwaruza, nako ni kwenye kile kialama cha ng'. Wanaojitolea kutafsiri gemu huandika kwenye programu za ofisi, na programu hizo hugeuza kialama kilichonyooka kuwa kilichopinda bila kuuliza. Kilichonyooka ni baiti moja na kila fonti inacho. Kilichopinda, kwa UTF-8, ni baiti tatu, na gemu ikizisoma kwa jedwali la 1252 ng'ombe anatokea kwenye skrini akiwa ngâ€™ombe. Kwa hiyo ukiona â, € na ™ zimefuatana, usitafute mbali. Fungua faili la tafsiri kwa kihariri cha maandishi matupu, badilisha vialama vyote viwe vilivyonyooka, hifadhi. Na ukiona  ï, » na ¿ mwanzoni kabisa mwa mstari wa kwanza, hiyo ni alama ya utambulisho wa UTF-8 ambayo gemu haikuitarajia; hifadhi faili tena kwa UTF-8 isiyo na alama hiyo.

Kiarabu kina shida yake ya pekee. Unaweza kuwa na jedwali sahihi na fonti kamili, na bado herufi zikatokea zimeachana moja moja na kupangwa kutoka kushoto. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo ndani ya neno, na kazi ya kuziunganisha hufanywa na sehemu maalumu ya programu. Gemu ambayo waundaji wake hawakuiweka sehemu hiyo hairekebishiki kwa mipangilio ya mchezaji. Hapo waandikieni waundaji.

Kuna pia pale ambapo badala ya maneno unaona kitu kama MENU_START_GAME. Hilo ni jina la ndani ambalo waundaji hulitumia kuitia sentensi kutoka kwenye faili la lugha, na sentensi haikupatikana. Aidha faili la lugha halikupakuliwa lote, au gemu imesasishwa na tafsiri uliyoiongeza imebaki ya toleo la zamani. Ondoa kwanza ulivyoviongeza. Kisha, kama gemu iko Steam, duka la gemu la mtandaoni, tumia kitufe cha kuhakiki faili: kitazikagua na kupakua zenye kasoro tu. Hapa, na hapa tu, mwandishi wenu alikaribia, ila alichagua njia ya mzunguko.

Maandishi yenye ukungu ni habari nyingine, na sasa ndipo mambo ya picha yanapoingia. Wachezaji wengi wakitaka kasi hushusha rezolusheni ya skrini nzima, yaani wingi wa nukta (pikseli) zinazounda picha, na herufi ndizo zinazoumia kwanza. Gemu nyingi za siku hizi zina kipimo cha kuchorea ulimwengu wa gemu peke yake; shusha hicho, acha rezolusheni ya skrini ilivyo, na kwa kawaida maandishi yatabaki makali huku kasi ikipanda. Angalia pia kama umelazimisha ulainishaji wa kingo za picha kutoka kwenye mipangilio ya draiva, programu inayoiendesha kadi ya picha. Ulainishaji wa aina ya FXAA hautofautishi ukingo wa paa na ukingo wa herufi, hulainisha vyote. Kwa gemu za zamani kwenye skrini zenye pikseli nyingi, Windows huikuza picha ya gemu na kuifanya kama imepakwa mafuta. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye faili la kuzindulia, nenda kwenye sifa zake, sehemu ya utangamano, uiachie gemu yenyewe kazi ya kukuza. Na mnaocheza kwenye televisheni, iambieni kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Runinga nyingi bila kuambiwa hivyo hupunguza taarifa za rangi, na maandishi mekundu juu ya rangi ya buluu huvuja pembeni. Nyingine hukata kingo za picha, manukuu, yaani mazungumzo yanayoandikwa kwenye skrini, yakaishia nusu.

Udogo wa maandishi nauweka mwisho kwa sababu unanikera kuliko yote, maana hapo hakuna kilichoharibika. Mtu aliketi na kuamua iwe hivyo. Mwaka 2006 gemu ya Dead Rising ilitoka na maandishi ambayo wenye televisheni za kawaida za wakati huo walishindwa kuyasoma, kwa kuwa yalipimwa kwa skrini mpya. Miongozo ya Microsoft ya ufikivu (kuwawezesha wenye ulemavu kucheza) kwa waundaji wa gemu za Xbox inapendekeza herufi zisiwe chini ya pikseli 26 kwenye skrini ya 1080p kwa gemu za konsoli (mashine za gemu kama hiyo Xbox), na zisiwe chini ya 18 kwa kompyuta, na mchezaji aweze kuzikuza. Si mengi hayo. Bado nakutana na gemu ambazo mipangilio ya manukuu haifunguki hadi onyesho la kwanza liishe, yaani hadi kila kitu nilichopaswa kukijua kiwe kimekwisha kusemwa. Hili hakuna kadi ya picha itakayolitibu, na ningefurahi kuona ukurasa wenu ukilipigia kelele.

Kuhusu msomaji yule, kama bado anahangaika na visanduku vyake, naomba mumwulize mambo haya kabla hajanunua chochote: gemu ilitengenezwa kwa lugha gani, visanduku vimechukua herufi zote au baadhi tu, na kama aliongeza tafsiri yoyote. Vikiwa baadhi tu, fonti ina mapengo. Vikiwa vyote, fonti yenyewe haikupatikana. Majibu yake mkiyachapisha, nitamwandikia nini cha kufanya.

Wako,
Mchezaji asiyesikia