Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: kiatu cha mwanangu kimebaki Kimara

Shikamoo Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wetu wa mjini. Mimi ni muuza mitandio Kariakoo hapa Dar es Salaam, sijawahi kumwandikia kiongozi hata siku moja, naandika kwa simu usiku huu watoto wameshalala, nikikosea mahali nisamehe, ila ya Jumanne yamenikaa kooni.

Jumanne nilikuwa na binti yangu, yuko darasa la nne, anasoma Magomeni. Tumefika kituo cha mwendokasi, yale mabasi ya njia maalumu, Kimara saa 11 na nusu alfajiri giza bado, tumelipa nauli tukaingia tukasimama. Basi la kwanza limekuja saa 12 na dakika 10, wakati huo watu tumejaa mpaka kule kwenye mageti ya tiketi. Mlango ulivyofunguka hakukuwa na cha mtoto wala mzee wala mjamzito, vijana wanaingilia madirishani, tukasukumwa, mguu wa mtoto ukateleza ukaingia kwenye ule uwazi kati ya basi na jukwaa. Kuna kaka mmoja simjui, Mungu ambariki, alimdaka kwa begi la shule akamvuta. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki chini. Basi likaondoka tukakiona pale kwenye lami, kimelala ubavu, cheusi kile nilichomnunulia Januari, na dereva wa basi la nyuma naye ndio anaingia. Mtoto hakulia Mheshimiwa. Aliniuliza tu, mama sasa darasani nitaingiaje. Tumepanda basi la tatu, kachubuka kuanzia kifundo mpaka chini ya goti, shule kaingia na kandambili saa 2 imeshapita.

Mi sio adui wa mwendokasi. Ilivyoanza Mei 2016 nilikuwa naisifia kwa kila mteja, maana kabla ya hapo Kimara mpaka mjini ungeweza kumaliza masaa mawili kwenye daladala umeinamisha shingo. Basi linapita njia yake, halijali foleni, na wanafunzi wakawa wanapanda kwa amani hakuna konda wa kuwazuia mlangoni. 2018 mji wetu ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri, tukajiona na sisi tumo. Lakini tuliambiwa mabasi yatakuwa zaidi ya 300, yakaanza 140, tukaambiwa hayo ni ya kuanzia tu, vuteni subira. Na daladala za Kimara Posta zikaondolewa ili mwendokasi ifanye kazi, tukakubali. Najua ofisini hukuwepo wewe wakati ule Mheshimiwa, ila kiti ni kile kile na ahadi ziko kwenye kiti.

Na sisi wa Morogoro Road tumeshatoa vya kutosha. 2017 zimebomolewa nyumba kuanzia Kimara mpaka Kiluvya ili barabara ipanuliwe, shemeji yangu ni mmoja wao, alijenga kwa miaka 11, sasa anapanga chumba huko Kibamba ndani. Barabara imepanuka kweli, njia nane, nzuri, nenda uiangalie jioni sasa ilivyojaa. Imejaa kwa sababu kila aliyechoka kukanyagwa kituoni anaenda kukopa anunue kagari ka mkononi kutoka Japani, mwenye kipato kidogo anapanda bodaboda, na gari moja unakuta ndani mtu mmoja wakati basi lile refu lingebeba zaidi ya 100. Moshi wote huo tunauvuta sisi tuliosimama pembeni. Huyu mtoto wangu nikimpandisha boda siku nne mfululizo usiku ni kikohozi tu, na hela ya boda ya siku moja ndio ingekuwa mboga ya siku mbili nyumbani.

Mvua nayo ikinyesha ndio usiseme. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni kabisa mwa mto Msimbazi, mto ukifurika barabara inafungwa na mabasi yanasimama, tunashushwa Magomeni tutembee. Daraja jipya la pale nimeliona linajengwa, nashukuru sana kwa hilo.

Ila daraja halitanisaidia Kimara alfajiri. Mi naona shida kubwa ni mabasi yanachoka kuliko yanavyoletwa mengine, na anayepanga ratiba hajawahi kusimama pale na mtoto. Ukiuliza mara utaambiwa vipuri, mara mafuta, mara mabasi mapya yako njiani. Mengine tunayaona matupu yanapita na taa zimewaka, watu tunapiga kelele halisimami. Kwanini lipite tupu Mheshimiwa? Mtu analipa nauli kamili halafu anaomba apandishwe kama anaomba msaada?

Ninachoomba ni mabasi ya asubuhi. Kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3, Kimara, yafuatane. Kama hayatoshi basi ruhusuni daladala zirudi Kimara Posta kwa hayo masaa tu, wenye magari wapo na wanataka kazi, mabasi yakitimia mtaziondoa tena hakuna atakayegoma. Na pale mlangoni wekeni mtu wa kutanguliza wanafunzi na wazee. Mengine yote yasubiri, hata barua hii usiijibu, ila mabasi ya asubuhi Mheshimiwa, ya asubuhi tu.

Jumatatu saa 11 na nusu tutakuwepo pale. Nimempa viatu vya dada yake, vinampwaya, nimejaza pamba kwa mbele. Naomba tukifika tukute basi.

Wako,
Mama wa watoto watatu, Kimara