Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: namba ya kadimiamu kwenye cheti cha mbolea

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi,
Entebbe, Uganda.

Mheshimiwa,

Sisi ni watu wa maabara, kazi yetu ni kupima udongo na mbolea. Tunakuandikia juu ya mbolea za fosfeti zinazoingia kupitia mipaka ya Malaba na Busia, na metali zenye sumu zilizomo, hasa kadimiamu. Metali hii ikishaingia shambani haitoki kwa urahisi, udongo wenye asidi huipeleka haraka kwenye mazao, na mlaji huirundika kwenye figo kwa miaka mingi.

Namba ya kadimiamu ikiandikwa peke yake haimsaidii mkaguzi. Chukua DAP (18-46-0) na NPK 17-17-17, zote zikiwa na miligramu 20 za kadimiamu kwa kilo; namba ya katikati ni asilimia ya P2O5, kipimo cha fosfeti iliyomo. Mkulima anayetaka kilo moja ya P2O5 atamwaga NPK nyingi zaidi, na kadimiamu nyingi zaidi. Gawanya 20 kwa 0.46, unapata kama 43. Gawanya kwa 0.17, unapata karibu 118. Tangu Julai 2022, Umoja wa Ulaya hauruhusu mbolea ya fosfeti yenye alama ya CE (ya kukidhi masharti yake) kuzidi kadimiamu miligramu 60 kwa kilo ya P2O5. DAP hiyo inapita, NPK haipiti, ingawa mashine imesoma namba ileile.

Kwa hiyo cheti kitaje miligramu za kadimiamu kwa kilo ya P2O5, pamoja na nchi ilikochimbwa fosfeti, siyo mahali mbolea ilipofungashwa. Fosfeti ya miamba ya mashapo, kama ya Morocco, kwa kawaida hubeba kadimiamu nyingi kuliko ile iliyotokana na uji wa moto wa ardhini, kama yetu ya Sukulu kule Tororo. Urea isisumbuliwe, haina fosfeti, na fedha ya kuipima kadimiamu ingefanya kazi kwingine.

Makosa mengi huanzia ghalani. Mbolea iliyochanganywa punje kwa punje hujitenga lori likitikisika, kwa hiyo kiganja kimoja kutoka mdomo wa mfuko si sampuli. Mfuko ulazwe, bambo la mirija miwili lenye matundu ubavuni lipite kutoka kona hadi kona, kwenye mifuko isiyopungua 10. Sampuli isisagwe kwa kinu cha chuma cha pua, maana huacha kromiamu na nikeli yake humo; kinu cha akiki kinafaa.

Maabara iyeyushe nusu gramu kwa mililita 9 za asidi ya nitriki na 3 za haidrokloriki, ndani ya chombo kilichofungwa, kwenye maikrowevu ya maabara, nyuzi 175 za Selsiasi. Bika likiachwa wazi juu ya jiko, zebaki hupotea na mvuke. Asidi tupu, isiyo na mbolea, nayo ipitie hatua zote, ili uchafu wa asidi na vyombo ujulikane. Kwenye mashine ya ICP, inayotambua metali kwa mistari ya mwanga inayotoa zikichomwa, mstari wa kadimiamu wa nanomita 228.8 umepakana na wa aseniki. Anayeutegemea peke yake ataripoti kadimiamu isiyokuwepo. Asome na ule wa 214.4, na kila kundi la sampuli liende na mbolea ya marejeo yenye thamani inayojulikana, kama SRM 695 ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Thamani hiyo isipopatikana, kundi zima lirudiwe.

Vifaa vya mkononi vya eksirei vinavutia mpakani kwa kuwa vinajibu papo hapo. Lakini miale mikuu ya metali ya risasi na ya aseniki karibu inalingana, hivyo ni rahisi kuzichanganya, na kadimiamu kidogo haionekani. Vitumike kuchagua mzigo wa kupelekwa maabara, visitumike kuupitisha.

Gharama abebe mwagizaji, lakini sampuli achukue mkaguzi wa serikali. Aigawe mara tatu: ya maabara, ya mwagizaji, na ya tatu ifungwe kwa lakiri ihifadhiwe endapo matokeo yatapingwa.

Ni sisi,
Wapimaji wa udongo na mbolea