Virusi vya viwavijeshi: tuulize ni pasaji ya ngapi

Mhariri,

Kila viwavijeshi wanapovamia mahindi, husikika ushauri kwamba tuache sumu tunyunyize virusi, tena vizalishwe kwenye matangi ya seli za wadudu, si kwa kufuga viwavi kwenye vikopo. La kwanza naliafiki. La pili nina neno nalo, kwani kazi yangu maabara ni kutunza seli za wadudu.

Shambani, virusi hivi, viitwavyo bakulovirusi, hukaa ndani ya fuwele ya protini. Fuwele huvikinga na jua, na kiwavi akila jani, huyeyukia tumboni na kuviachia. Ndani ya chupa ya seli hakuna jua wala tumbo. Virusi huvuka vikiwa uchi, seli hadi seli. Basi jeni iitwayo FP25K ikiharibika, virusi vyenye kilema hicho hutengeneza fuwele chache lakini huchipuka, yaani hutoka kwenye seli vikiwa uchi, kwa wingi zaidi. Ukihamisha chupa hadi chupa, na kila uhamisho tunauita pasaji, hivyo ndivyo vinavyotawala. Hata pasaji kumi ni nyingi.

Kwenye darubini, seli iliyoshikwa na virusi vizima huvimba kiini, kikajaa fuwele zinazong'aa zisizohesabika. Ile ya virusi vilivyoharibika ina tatu au nne, na baadhi ni ganda tupu lisilo na virusi ndani. Asiyezoea atafurahi tu kuona seli zote zinaumwa!

Wakati mwingine mharibifu ni seli yenyewe. Vipande vya DNA yake hurukia kwenye DNA ya virusi. Kimojawapo, piggyBac, kiligunduliwa hivyo hivyo katika seli za nondo Trichoplusia ni, na leo watafiti wa jeni wanakitumia kama zana. Na seli za Sf9, maarufu katika maabara za kuzalishia virusi hivi, zinatokana na ovari za yuleyule kiwavijeshi vamizi aliyetuingilia Afrika mwaka 2016.

Virusi vya kiwavijeshi wetu wa asili, Spodoptera exempta, vilivyojaribiwa kaskazini mwa Tanzania, vilivunwa kwenye viwavi. Ni kazi ya kuchosha, na vamizi hulazimika kukaa mmoja mmoja maana wanalana. Lakini virusi visivyo na fuwele nzuri haviwezi kumfikia kiwavi mwingine kupitia jani, kwa hiyo vibovu hujichuja.

Sipingi matangi. Ila anayeomba kusajili dawa ya tangini aeleze mbegu yake, yaani virusi vya kuanzia, ni ya pasaji ya ngapi na imegandishwa tangu lini, na kila toleo lilishwe viwavi hai kabla halijafika dukani. Kuhesabu fuwele pekee hakutoshi, maana hata zile tupu huhesabika.

Fundi wa maabara,
Arusha