Uzio wa mpakani, nakujibu

Lusajo mwanangu,

Vipi huko Tunduma, baridi bado inawanyoosha? Huku Dar joto kama kawa, mvua ikipiga kidogo tu Jangwani hapapitiki tunalala njiani. Meseji yako niliiona, eti mimi nakaa Temeke najua nini kuhusu mpaka. Sawa, sikai mpakani, ila makaratasi ya malori yanayokuja kwenu yanapita mezani kwangu kila siku, kwa hiyo usinidharau sana.

Sasa we unasema dawa ya njia za panya ni uzio tu, basi. Ngoja nikupe habari ya Laredo. Ni mji uko Texas, Marekani, ukingoni mwa mto Rio Grande, na ng'ambo ni Nuevo Laredo, Meksiko. Yaani Tunduma na Nakonde kabisa ila katikati kuna mto. 1848 vita ya Meksiko na Marekani ilipoisha mto ukawa mpaka, kuna watu hawakutaka kuwa Wamarekani wakavuka wakaanzisha mji wao upande wa pili, ndo maana ukoo mmoja umegawanyika huku na huku kama Wanyamwanga wa hapo kwenu. Na kula yao ni malori, hakuna njia ya Marekani na Meksiko inayopitisha malori mengi kuliko hiyo.

Basi 2006 Rais Bush wa Marekani akasaini sheria ya uzio wa kama maili 700 mpakani. Watu wa Laredo wakagoma, ila sikiliza vizuri, hawakusema usalama hawautaki. Meya wao wa kipindi hicho, Raul Salinas, mwenyewe alikuwa FBI, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, miaka kibao, sio mtu wa kumwambia hajui wahalifu. Hoja yao ilikuwa tupeni barabara ya doria kando ya mto, kamera, askari wa kutosha, halafu tufyekeeni matete.

Hayo matete ndo stori yenyewe. Sio ya pale, asili yake pande za Mediterania huko, Wahispania ndo waliyapeleka, yakakuta mto yakajiachia. Yanapanda mpaka mita sita na zaidi, yamefungamana kiasi kwamba mtu akiingia humo askari aliyesimama hatua chache hamuoni, na juu ya hapo yanafyonza maji ya mto ambayo mji unakunywa. Ukiyaondoa askari anaona mto mzima, mji unabaki na maji, na hakuna aliyefungiwa nje. Kwangu mimi hiyo ni akili kubwa kuliko chuma.

Sema nayo haikwenda kirahisi. 2009 askari wa mpakani wakataka kumwaga dawa ya kuua magugu kwa helikopta, Nuevo Laredo wakaja juu, maana na wao wanakunywa mto huo huo, ikabidi zoezi lisimame. Mwaka huo huo wataalamu wa kilimo wakaachia vinyigu kutoka Ulaya, vidogo kama sisimizi, haviumi watu, na vyote majike, vinazaa bila dume! Vinataga ndani ya shina la tete, linavimba, linadumaa. Polepole kweli, ila mto hauingii sumu.

Uzio wenyewe nao una shida yake kwenye mto. Huwezi kuuweka majini, lazima urudi nyuma nchi kavu, kwa hiyo kule Brownsville, mji mwingine wa Texas kwenye mto huo huo, kuna watu mashamba yao yamebaki upande wa pili, mtu anaenda kwenye ardhi yake mwenyewe kupitia geti la serikali. Kaunti ya Hidalgo, huko huko Texas, walicheza kivyao, matuta yao ya kuzuia mafuriko yalikuwa yamechoka, wakakubali ukuta wa zege ujengwe humo humo kwenye tuta. Wengine waliwalaumu, mi naona walikuwa wajanja tu, kama hela inakuja kwa nguvu bora ikuzibie mafuriko. Laredo wao wamekaza mpaka 2021 serikali ikafuta mikataba ya ukuta wa eneo lao.

Sasa turudi kwenu. Huo uzio wako utapita wapi? We mwenyewe uliniambia kuna nyumba ukitoka mlango wa nyuma ushaingia Zambia. Watu wanapita njia za panya sababu ya foleni na usumbufu wa getini, mama mwenye ndoo ya nyanya hawezi kusubiri nusu siku nyanya zinaoza. Weka taa, weka njia ya doria, mrahisishie huyo mama pale kituo cha pamoja cha forodha, halafu askari wabaki na wanaopitisha magendo ya ukweli. Ukiona nimekosea nijibu, ila usinijibu kwa matusi kama juzi.

Na ule mchele wa Kyela uliosema unampa dereva mbona kimya? Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi